Sauti ya Kununulia Maandazi

Jumatano moja ya mwezi wa pili, saa mbili usiku, nilikuwa nimebakiza madaftari 14 kati ya 78. Kidato cha pili, mkondo B. Nilikuwa nimewapa insha fupi kwa mada ile ile ya miaka yote, "My Teacher". Usingizi ulishaanza kuninyemelea, na mkono ulikuwa unasahihisha wenyewe.

Nikafika kwenye daftari la msichana mmoja ambaye darasani hasemi mpaka aitwe kwa jina. Sentensi yake ya tatu ilisema: "My teacher have two voice."

Kalamu nyekundu ikakata "have", ikaandika "has" juu yake. Ikaongeza s kwenye "voice".

"One is for buy mandazi and one is for teach us." Nikakata, nikaandika "buying". Nikakata, nikaandika "teaching".

"I like the mandazi one." Hapo hapakuwa na kosa, nikapiga tiki. Nikampa 9 kwa 20, nikalifunga, nikavuta linalofuata.

Nilishasahihisha mawili mengine ndipo ikanifikia.

Nikarudi kufukua rundo, nikalitafuta lile daftari, nikaisoma ile insha upya kama mtu asomaye barua. Tangu usiku ule zimepita wiki sita, na sijapata siku niliyoingia darasani bila kuikumbuka.

## Chini ya mwembe

Maandazi nanunua kwa mama mmoja anayekaa na ndoo yake chini ya mwembe, hatua kama 30 kutoka madirisha ya darasa lile. Madirisha hayana vioo. Sikuwahi kufikiri kwamba wanatusikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo umechelewa, wenzako wa hesabu nusura wanimalizie."

Ananiuliza lini nitamletea parachichi za kwetu Njombe. Namwambia parachichi zinasubiri maandazi yaache kupungua ukubwa. Anacheka, nacheka, nacheka kwa kifua chote. Kisha kengele inalia, nafuta mafuta mikononi, navuka kizingiti cha darasa.

Wiki moja baada ya ile insha niliweka simu kwenye mfuko wa shati, nikarekodi kipindi kizima, dakika 40. Usiku nikaisikiliza nikiwa peke yangu.

Nilimsikia mtu mwingine.

Sauti yake inatokea puani. Neno "water" analitamka kama msomaji wa taarifa ya habari wa London. Sentensi zake ni fupi, zimenyooshwa, na kila moja ingeweza kuwa imetoka kitabuni. Anauliza maswali ambayo majibu yake tayari anayo. Mwanafunzi akijibu vibaya, anasema neno moja na kuhamia kwa mwingine.

Kilichonikaa rohoni zaidi ya lafudhi ni kwamba kwa dakika 40 mtu yule hakucheka hata mara moja. Hakusema "sijui". Hakusimulia kitu chochote kilichomtokea. Nikajaribu kukumbuka nimewahi lini kucheka kwa Kiingereza mbele ya wanafunzi, katika miaka yangu yote ya kufundisha.

Sikukumbuka.

## Alikotoka mtu huyu

Mjadala wa lugha ya kufundishia, iwe Kiswahili au Kiingereza, mnaujua, sitaurudia. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza chenyewe, somo, na swali langu ni dogo kuliko ule mjadala. Nani alinipa sauti hii, na kwa nini niliipokea?

Naanza na chuo. Tulikuwa na chumba chenye redio kaseti moja, na juu ya meza kitabu cha fonetiki chenye irabu 20 za Kiingereza cha kusini mwa Uingereza. Sisi kwa Kiswahili tuna tano. Kila mchana tulikaa pale tukirudia "ship" na "sheep" mpaka taya zikauma. Sikatai, nilijifunza mengi, na masikio yangu yalinolewa. Ila hakuna aliyetuambia kwamba mtu wa kwenye kaseti ni mtu mmoja tu kati ya wasemaji wengi wa Kiingereza duniani, na kwamba hata huko kwao walio wengi hawasemi kama yeye. Tulimpokea kama kipimo. Ulichopungukiwa ukilinganishwa naye, hicho ndicho ulichokuwa hujui.

Kisha mazoezi ya kufundisha. Mkufunzi alikaa nyuma ya darasa na karatasi yake. Katikati ya kipindi wanafunzi walinikazia macho matupu, nikasema sentensi moja ya Kiswahili ili wanifuate. Nyuso zikafunguka. Baada ya kipindi nikapewa karatasi. Iliandikwa kwamba nimeshindwa kulimudu darasa kwa Kiingereza, na kwamba lafudhi yangu ya Kibantu ni kizuizi kwa mwanafunzi.

Kizuizi. Neno hilo nimelibeba muda mrefu.

Nilipoanza kazi, shule za Ingilishi midiamu za mjini zilikuwa zikitafuta walimu wa Kiingereza kutoka Kenya na Uganda. Niliomba kazi kwenye mojawapo. Aliyenihoji alikuwa mtu mpole sana, akaniambia wazazi wanalipa ada ili watoto wao "wasisikike Watanzania". Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayekutajia bei ya sukari. Nikaondoka nikiwa nimeamua kwamba mimi pia sitasikika.

## Makerere, 1961

Mwezi wa kwanza wa mwaka 1961, miezi 11 kabla ya Uhuru wa Tanganyika, wataalamu kutoka nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda, kuzungumzia namna ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Bendera zilikuwa zinakaribia kushushwa, na mataifa mapya yalihitaji walimu wa Kiingereza wengi kuliko waliokuwapo.

Mwaka 1992 msomi Robert Phillipson aliyakusanya mafundisho yaliyotiwa nguvu na mkutano ule, akayapata matano, kisha akayakosoa moja baada ya jingine. Kwamba Kiingereza kinafundishwa vizuri zaidi kwa Kiingereza kitupu. Kwamba mwalimu bora ni yule aliyezaliwa nacho. Kwamba kikianza mapema zaidi, matokeo yanakuwa mazuri zaidi. Kwamba kikifundishwa kwa wingi zaidi, matokeo yanakuwa mazuri zaidi. Na kwamba lugha nyingine zikitumika sana, kiwango cha Kiingereza kitashuka.

Niliposoma orodha ile kwa mara ya kwanza nilihisi nasoma karatasi yangu ya mazoezi ya kufundisha. Maneno yalikuwa mengine, lakini hukumu ni ile ile. Mkufunzi aliyekaa nyuma ya darasa langu alikuwa Mtanzania kama mimi, mtu wa makamo aliyesoma kwa shida na kufundisha kwa moyo. Simlaumu. Alipewa kipimo, akakitumia. Na mimi nilipopewa nilikitumia.

Likumbukwe jambo moja. Ukishakubali kwamba mwalimu bora ni yule aliyezaliwa na Kiingereza, umekubali pia kwamba utaalamu, vitabu na washauri lazima vitoke kwake, na kwamba mwalimu kama mimi atabaki mwanafunzi mpaka astaafu. Ukoloni wa namna hiyo hauhitaji gavana. Unakaa kwenye kichwa cha mwalimu anayejisahihisha kimya kimya huku akiandika ubaoni.

Yaliyofuata kwetu yalipita njia hiyo hiyo. Tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari Januari 1985. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta wengi hawana lugha ya kutosha kujifunzia masomo mengine. Walichoshauri ni kwamba Kiingereza kibaki na kiimarishwe. Januari 1985 ikapita kimya, na mwaka 1987 ukaanza mradi wa kukiimarisha kwa fedha za Uingereza. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, nachunga kuku wa bibi.

## Kibao

Hapa ndipo nilipotaka kuacha kuandika, mara mbili.

Huko Wales, karne ya 19, palikuwa na shule zilizomvalisha mtoto kipande cha mbao shingoni kikiwa na herufi W.N. Zilisimama badala ya "Welsh Not", katazo la kusema Kiwelshi. Aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alivalishwa. Naye akimsikia mwenzake, alimhamishia. Aliyekutwa nacho jioni alichapwa. Walimu waliovalisha mara nyingi walikuwa Wawelshi wenyewe, na wazazi wengi waliridhia, kwa sababu walitaka watoto wao wapate kazi.

Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza habari ya utoto wake. Mtoto aliyekutwa akisema Kikuyu alichapwa au alivalishwa bamba la chuma lililomtangaza kuwa mjinga au punda. Na ili wakosaji wajulikane, mtoto mmoja alipewa kifungo asubuhi, amkabidhi atakayemsikia akisema lugha ya mama yake, kikapita mkono hadi mkono mpaka jioni. Mchezo ni ule ule wa Wales, umevuka bahari.

Mimi nilikijua kibao kabla sijamjua Ngũgĩ. Nilikivaa kidato cha kwanza, wiki ya tatu, baada ya kumwomba mwenzangu ufutio kwa Kiswahili. Nilikivaa mpaka saa tisa.

Na mwaka 2009, nikiwa mwalimu mwenye miezi minne kazini, nilikata ubao wa boksi la sabuni, nikautoboa, nikapitisha kamba ya katani na kuandika kwa makapeni mekundu kwamba mwenye kukivaa ni mvivu wa Kiingereza. Hakuna aliyeniagiza. Mkuu wa shule alipokiona alinisifu mbele ya wenzangu kwenye kikao.

Nakumbuka mvulana wa kwanza kukivaa. Alikuwa msemaji, mwenye hadithi, wenzake walimzunguka kila mapumziko. Baada ya siku ile alinyamaza. Hakunyamaza kwa Kiswahili tu, alinyamaza kwa Kiingereza pia. Mimi niliandika kwenye rejista ya tabia kwamba amebadilika, ametulia.

Kilikaa darasani miaka miwili, kikapotea tulipopaka rangi. Sikukitupa mimi. Laiti ningeweza kuandika hapa kwamba nilikitupa mimi.

## Ya tatu

Wiki ya pili baada ya ile insha nilikuwa nimeshapanga vizuri kichwani. Sauti ya Kiingereza ni ya mkoloni, sauti ya Kiswahili ni yangu. Nirudi kwenye yangu. Niliamini nimemaliza kazi.

Kisha nikampigia bibi simu.

Bibi yangu yuko Njombe, na Kiswahili chake ni cha kuongea na watu wa serikali na wauza mbolea. Akipokea simu husema "kamwene", kwa Kibena, nami najibu, kisha baada ya sentensi mbili naanza kukwama, nachomeka Kiswahili, naye anahamia kwenye Kiswahili kwa ajili yangu. Siku ile alipohama nilisikia sauti yake ikibadilika. Ikapanda kidogo. Ikawa na adabu nyingi, maneno machache, hakuna utani.

Bibi pia ana sauti mbili.

Nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekizika. Kibao changu cha kwanza sikukivaa sekondari. Nilikivaa darasa la tatu, kwa sababu ya kusema "kamwene" kwa binamu yangu getini. Kosa lilikuwa kusema kilugha. Lugha niliyotakiwa kuisema ilikuwa Kiswahili, na mwalimu aliyenivalisha alikuwa Mbena kama mimi, akinijenga kuwa Mtanzania. Kwa moyo safi kabisa.

Basi nikakaa kitandani na mpango wangu mzuri umevunjika. Kiswahili ninachokiita changu nakipenda, ndicho ninachoota nacho, na nchi hii isingeshikamana bila hicho. Lakini njia kilichonifikia haikuwa safi kuliko njia ya Kiingereza. Wajerumani walikitumia kutawala kabla ya Waingereza. Kile cha vitabuni kilisanifishwa na kamati iliyoundwa mwaka 1930, chini ya utawala wa Waingereza, kwa kufuata lahaja ya Unguja, na bibi yangu hakuombwa maoni.

Sidhani kwamba mambo haya mawili yako sawa. Kiswahili tulikichukua, tukakifanya cha kwetu, tukatungia mashairi na matusi na sala. Hapo ndipo niliposimama, kwenye lile neno "tukakifanya". Kama babu zangu waliweza kukichukua Kiswahili mpaka wakacheka nacho, basi shida yangu na Kiingereza inaweza isiwe kwamba ni cha wengine. Shida ni kwamba nimekishika kama kikombe cha mgeni, nisikivunje.

Yule msichana aliandika sauti mbili kwa sababu ya tatu hajawahi kuisikia.

## "Kiswahili nimempa nyumbani"

Kabla hamjanipongeza, sikilizeni habari ya mzazi mmoja. Ni dereva wa bodaboda. Wiki ya tatu nilianza kutumia Kiswahili waziwazi kwenye kipindi cha Kiingereza, na habari zikamfikia. Alikuja shule akiwa ameshika kofia yake ngumu kwapani, akanisalimia kwa heshima, akaniambia:

"Mwalimu, Kiswahili mimi nimempa nyumbani, bure. Nimemleta kwako unipe nisichokuwa nacho."

Sikuwa na la kumjibu. Mtihani wa kidato cha nne utakuja kwa Kiingereza. Fomu ya chuo, mahojiano ya kazi, karatasi ya dawa hospitalini, vyote kwa Kiingereza. Yeye anayajua haya kuliko mimi, kwa sababu ndiye ambaye milango hiyo ilimfungia. Mtu aliyekwisha kupata Kiingereza chake, kama mimi, kisha akaanza kuwaambia watoto wa wenzake kwamba si muhimu sana, anastahili kutiliwa shaka. Nilijitilia shaka. Usiku ule niliamua kurudi kwenye Kiingereza kitupu, nikarudi kwa siku nne.

Siku ya nne niliona macho yale yale matupu ya miaka ya mazoezi. Nikaelewa kwamba yule baba hakuniomba Kiingereza kitupu. Aliniomba Kiingereza. Mimi ndiye niliyekuwa nikivichanganya vitu hivi viwili, na kuna watu walionifundisha kuvichanganya.

## Nimepoteza, nilipoteza

Basi nikajaribu kwa njia nyingine. Naandika sehemu hii kwa raha kuliko zote.

Kosa la "my teacher have" nimelisahihisha mara elfu kadhaa maishani. Nilikuwa naeleza kwa Kiingereza kanuni ya umoja na wingi, ya nafsi ya tatu, wanakariri, wanasahau. Safari hii niliandika ubaoni: Kile kikombe changu kizuri kimevunjika. Nikawaambia wageuze wingi. Sauti 78 kwa pamoja: Vile vikombe vyangu vizuri vimevunjika.

Nikauliza mmebadilisha maneno mangapi. Wakahesabu. Matano kati ya matano. Hakuna aliyekosea, hakuna aliyekumbuka kufundishwa. Nikawaambia, lugha yenu inadai upatanisho kwenye kila neno la sentensi, na mnaulipa bila kufikiri. Kiingereza kinadai s moja ndogo mwishoni mwa kitenzi. Ninyi ni matajiri mnaodaiwa senti tano. Nikaona migongo inanyooka.

Siku iliyofuata tukaingia kwenye kile kinachowatesa hata walimu, "I lost" na "I have lost". Nilikuwa nakifundisha kwa wiki mbili kwa michoro ya mistari na mishale. Niliandika: Nilipoteza ufunguo. Nimepoteza ufunguo. Nikauliza, nani kati ya hawa yuko nje ya mlango mpaka sasa? Darasa zima likamjua. Wa -me- yuko nje. Wa -li- huenda alishaupata zamani. Tukachukua sentensi 10 za Kiingereza tukazipitisha kwenye -li- na -me-, zikapita karibu zote.

Kisha msichana mmoja wa mbele akasema: "Mwalimu, na 'amelala' je? Mbona haiwi 'he has slept'?"

Amekamata pale pale inapokatika. Amelala, amesimama, amekaa. Kwetu -me- husema pia hali aliyo nayo mtu sasa, na hapo Kiingereza kinapita njia nyingine kabisa. Sikuwa nimejiandaa. Nilisema, kwa Kiingereza, sentensi ambayo sikuwahi kuisema darasani: sijui namna ya kulieleza hili vizuri, hebu tulitafute pamoja. Tulilitafuta dakika 20. Kumfundisha mtoto Kiingereza nikijifanya hana lugha nyingine kichwani ni kumtaka aache nyumbani akili yake yote. Ile "he" na "she" wanayoichanganya, wakimwita mama "he", nayo ilitatuliwa kwa dakika tatu, kwa kuwauliza tu: ukisikia "amefika", unajua ni mwanamume au mwanamke?

Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akija siku moja kama hiyo, sijui ataandika nini. Hilo linanitisha bado, siwezi kuficha.

## Zile za kwangu

Wiki iliyopita nilimwita yule msichana nje ya ofisi, nikamuuliza kama naweza kuisoma insha yake kwa darasa bila kutaja jina lake. Aliangalia chini muda mrefu.

"Unaweza, mwalimu. Ila usome zile za kwangu. Usisome za kwako nyekundu."

Nikasimama mbele, nikasoma kama alivyoandika. "My teacher have two voice." Nilijitahidi kutumia sauti ya chini ya mwembe, mdomo ukagoma kwenye neno la pili, ukaninyoosha, nikarudia.

Mikono kama 30 ikaenda juu.

"Has!"

"Voices!"

"Buying, mwalimu, siyo buy!"

Nikawaangalia. Walikuwa na furaha, wamejua, wanataka tiki. Kila mmoja wao alikuwa ameshika kalamu yangu nyekundu. Hakuna hata mmoja aliyesikia kilichosemwa. Walikuwa wamejifunza kwangu kila kitu, hata uziwi.

Nikawaambia nimesikia makosa, yatasubiri. Mwenzenu anasema nini?

Kimya. Nikarudia kwa Kiswahili. Kimya. Kisha kutoka nyuma, mvulana mmoja ambaye hasomi vizuri, taratibu:

"Anasema mwalimu akiwa na sisi anaogopa."

Damu ikanipanda masikioni. Kabla sijajua la kufanya, yule msichana akageuka kwenye kiti chake, bila kuitwa, na kumjibu kwa Kiingereza, mbele ya wote, akijianika kwamba insha ni yake: "No. I didn't say afraid. I said I like the other one."

Yule mvulana akashikilia lake. Binti naye lake. Wengine wakaingia, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, wakibishana juu ya maana ya sentensi iliyoandikwa na mtu aliyekuwa amekaa katikati yao. Mimi nilikaa dirishani.

Usiku nikalichukua daftari lake. Ile 9 nikaikata, na sikuweka namba nyingine. Chini ya insha nikaandika mistari mitatu kwa Kiingereza, kwa kalamu ya bluu. Nilimwambia kwamba alikuwa amesikia sawasawa, ila zipo tatu, na ya tatu nilipewa na bibi yangu. Nikamwambia inaanza na neno "kamwene", na kwamba ni salamu.

Jana asubuhi amelirudisha. Chini ya mistari yangu ameandika swali moja, anataka kujua inajibiwaje.